Farasi Mia Mbili na Themanini

Jumanne asubuhi nilikuwa katika soko la vipuri hapa Guangzhou, nikimtafutia ami yangu turbo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, aliyoniagiza kutoka Zanzibar. Laoban, mwenye duka, alipofungua sanduku, ilinipiga harufu ya mpira mpya na grisi.

Ilikuwa harufu ya barazani kwetu nilipokuwa mtoto. Baba aliuza magari ya michezo ya Kijapani. Ami, mdogo wake, alijivunia gari lake la Kijerumani. Kila kilipotoka kizazi kipya cha magari, walishindanisha nguvu za farasi mpaka mate yakawakauka.

“Kaka, Mjapani wako kila mwaka mia mbili na themanini!” ami alikebehi. “Mjerumani wangu kashavuka mia tatu. Lako hilo cherehani!”

Mimi nilikuwa nimesoma jaridani kwamba watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya hizo mia mbili na themanini, hata injini ilipokuwa na nguvu zaidi.

“Ami, hiyo ni namba ya kwenye karatasi tu,” nilisema.

“Nani kamwita huyu? Mtoto wa kike na injini, wapi na wapi? Nenda kamenye vitunguu!”

Nilimtazama baba, niliyekuwa nikimtetea.

“Hukumsikia ami yako?” alisema, nao wakacheka pamoja.

Basi Jumanne ile, pale sokoni, niliiacha turbo dukani. Wiki kadhaa baadaye nilituma barua: “Ami, shikamoo. Turbo inayolifaa gari lako naijua, na duka nalijua. Sitakwambia. Baba naye asiniulize.”