Karibu Niliyompa Mwenye Koti

Waliokuwepo siku hiyo ni hawa: mimi mwenyewe, kisha Swaleh mwenye duka la kompyuta za mitumba hapa Voi, na Wakesho, anayeuza mahamri mlangoni pa Swaleh. Wote wako hai, waulize. Wa nne jina lake sikulipata, na Wakesho ataapa kwamba hakuwepo. Alikuwepo. Mimi si mtu wa kutunga hadithi. Niliacha shule mama alipomfuata baba kaburini, nikashika jembe na kuuza mboga, na mimi nikishika kitu siachi.

Nilikuwa nimeuza ng'ombe wa mama. Kwa nini? Kwa sababu ya mdogo wangu Mwadime. Tangu mazishi alikuwa hazungumzi nyumbani. Akirudi kutoka shuleni anakula, ananawa, analala. Umewahi kuishi na mtu ambaye humsikii ila anapokohoa? Halafu siku moja nikamkuta mjini kwenye saiba, zile kompyuta za kulipia, akicheza mchezo wa kujenga miji na kupanga majeshi. Alikuwa anaongea na kioo, anacheka. Nikasema moyoni, kicheko hiki kitahamia kwetu Wusi. Lakini ng'ombe alikuwa mmoja tu. Nikikosea kompyuta, basi tena.

Ilikuwa Ijumaa, jua la utosi. Swaleh alinionyesha moja yenye taa nyekundu chini ya vibonyezo.

"Hii ndiyo ya gemu, dada. Vijana wanaililia."

"Na ile ya kijivu?"

"Ile ilikuwa ya ofisi, ya kuandikia barua. Isitoshe imechubuka. Wachana nayo."

Wakesho akachungulia. "Heh! Mama sukuma wiki ananunua kompyuta! Utapimia nyanya?"

"Nitapimia mdomo wako," nikamjibu, "kama utaenea."

Adhana ikaita. "Nishikie duka dada'ngu," Swaleh akasema, "nikitoka msikitini tutamalizana." Akaurudisha mlango nusu. Wakesho alibaki kizingitini na beseni lake. Hakuna mtu ambaye angeingia bila kumruka yeye.

Nilipogeuka, mwanamume alikuwa ameketi juu ya katoni. Alivaa koti zito la sufu, limefungwa vifungo vyote. Voi hii, mchana! Na hakuwa na jasho. Alinisalimia kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, kile cha bibi yangu, kile ambacho siku hizi hukisikii popote. Nilidhani ni mzee wa kule Bura milimani aliyeingia kabla yangu nisimwone.

"Hizo taa ni za kufurahisha macho," alisema. "Michezo ya kupanga vita haikimbii, inafikiri. Mwanzoni kila kompyuta inaiweza. Miji ikishakuwa mingi, ile dhaifu inaganda, na mtoto anangoja zamu yake mpaka anasinzia. Uliza prosesa, ndiyo akili yake. Uliza memori, iwe giga kumi na sita. Kadi ya picha ya wastani inatosha. Kisha iwashe, ipe kazi, usikilize feni. Chukua ya kijivu. Mwadime atakaa nayo."

Niliiwasha ya kijivu. Feni ilipumua polepole kama mtu aliyelala vizuri. Nilifurahi hata nisijiulize jina la Mwadime amelitoa wapi. Nikamshukuru, nikasema lile tunalosema sisi sote: "Karibu siku moja nyumbani, mzee. Karibu sana."

Niamini, sikuwa na maana yoyote. Si huwa tunasema karibu ili mtu aende zake?

"Nyumbani wapi?" akauliza.

"Wusi. Ukipita kanisa, nyumba ya bati jekundu."

"Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo," alisema. "Nitakuja. Usihame."

Akainama kando yangu kuitazama ile ya kijivu. Mbele yetu kulikuwa na rafu ya kompyuta zilizozimwa, vioo vyeusi vinang'aa. Nilijiona katika kila kioo, kitambaa changu cha kijani na mdomo wazi. Yeye hakuwemo hata katika kimoja. Bega lake lilikuwa limenigusa, nalihisi baridi, lakini ndani ya vile vioo nilikuwa nimesimama peke yangu.

"Unaongea na nani?" Swaleh alikuwa mlangoni. Katoni ilikuwa tupu.

"Tangu uende anajiongelesha," Wakesho akasema. "Hakuingia mtu, hakutoka mtu. Nikasema jua limempata." Safari hii hakucheka.

Swaleh alisoma aya chini kwa chini na hakuuliza zaidi. Akaniuzia ya kijivu. Bei yake ilikuwa ya katikati, ng'ombe alitosha.

Haikuganda hata mara moja. Na Mwadime aliongea! "Dada, njoo uone, nimevuka mto! Dada, wamenizunguka!" Nilikaa naye nisielewe kitu, nikashiba sauti yake. Kisha akapata chuo Mombasa, akaenda nayo. Sasa nyumba ni mimi na bati.

Tangu siku ile neno karibu halinitoki kinywani. Wateja wakifika kwenye meza yangu ya mboga nawaitikia kwa kichwa, nao wanasema nina maringo. Jirani akipita simwambii karibu, na sasa amebadilisha njia. Shangazi ananisihi nihamie Voi, nipange chumba karibu na soko. Nitahamaje? Niliulizwa nyumbani ni wapi, nami nikataja kwa kinywa changu.

Nakuonya wewe unayesoma: usimkaribishe mtu kwa mazoea. Mtazame kwanza katika kioo chochote kilicho mbele yako. Na ukishamkaribisha, usijifanye umesahau, maana wapo ambao hawajawahi kukaribishwa popote, na hao hawasahau.

Kila Ijumaa narudi mapema kutoka shambani, nafagia, nachemsha chai ya watu wawili. Hajafika. Jua likipinda nakunywa yangu, yake naimwaga kwenye migomba. Namwogopa, sikudanganyi. Lakini nilisema karibu, na mpaka leo sijalipa.