Waliombeba Nyiramana

Mke wangu aliitwa Nyiramana. Majirani walimwita mama Keza, kwa ajili ya binti yetu aliyeolewa Bujumbura. Aliuza uji wa mtama Rwezamenyo, karibu na mafundi cherehani. Sauti yake ilikuwa kubwa. Akicheka, ulimsikia kabla hujamwona.

Tulikaa mlimani, juu ya Nyamirambo, mahali ambapo gari halifiki. Kwa hiyo mtaa wetu ulikuwa na ingobyi, kile kitanda cha fito na kamba ambacho wanaume wanne wanabeba mabegani. Mtu akizidiwa, anapelekwa nacho hospitali. Kila nyumba ilichanga pesa kidogo za kukitengeneza, na wanaume walibeba kwa zamu. Hakuna aliyelipa. Aliyebebwa leo, akipona, anabeba wengine. Mimi nimebeba mpaka bega likakataa.

Michango ya upande wetu aliikusanya mke wangu. Hakujua kuandika, alishika kila kitu kichwani. Asiyekuwa na pesa alimwambia, "Basi lete maharage." Asiyekuwa na maharage alimtania mpaka wote wawili wakacheka, halafu akaenda nyumba inayofuata.

Mwaka wa tisini na mbili, mvua za Aprili hazikupumzika. Asubuhi moja udongo ulishuka. Nyumba za juu zikaja juu ya nyumba za chini. Ukuta wetu ulimwangukia mke wangu. Mimi na jirani yetu Annah tuliondoa matofali kwa mikono. Paja lilikuwa limevunjika. Tulimlaza chini ya plastiki, kando ya mabati yetu ambayo tulikuwa tumeyaokota. Yalikuwa bado mapya. Tuliyanunua mojamoja, kwa pesa za uji.

Siku hiyohiyo bei zikageuka. Kellen wa duka alikata mshumaa katikati, akauza kila nusu kwa bei ya mzima. Bomba la maji lilikuwa limevunjika, na wenye maji kwenye mapipa wakaweka mtu mlangoni. Bati, hata lililopinda, lilipata mnunuzi likiwa bado kwenye matope.

Nilimwita Ndayisaba. Yeye ndiye aliyetunza ingobyi. Alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mpole, hagombani na mtu. Alikuja na wenzake watatu. Mmoja ni Bertrand, kijana wa maneno mengi.

"Pole, baba Keza," Ndayisaba akasema. "Njia imekatika pale chini. Tunazunguka huku juu. Matope iko mpaka magotini."

"Najua. Mchukueni basi."

Akatazama miguu yake. "Vijana wanataka kitu."

"Kitu gani? Hii ingobyi si yetu sote?"

Bertrand akasema, "Mzee, asubuhi tumebeba mama wa tajiri mmoja wa vitambaa. Yule alitoa, hakuuliza. Wewe unauliza." Macho yake yalikuwa kwenye mabati. "Toa nusu ya hayo, tunaenda."

Mke wangu akasikia. Akaita toka chini ya plastiki, "Ndayisaba, mwanangu. Mke wako aliposhindwa kujifungua, nani alizunguka nyumba kutafuta wabebaji?"

"Ni wewe, mama."

"Nilikuomba nini?"

Bertrand akajibu badala yake, "Ile ilikuwa wakati wa jua, mama."

Wenzake wakacheka kidogo. Mke wangu akanigeukia.

"Usiwape. Ukiwapa wewe bati, Annah akiumia atawapa nini? Nyumba yake ameezeka kwa madebe. Waache waende. Watarudi."

"Mguu wako haungoji," nikamwambia.

"Utangoja. Nawajua hawa. Nimekula nao."

Wakaondoka. Annah alipita kwa waliochanga, nyumba hadi nyumba, kuomba wanaume wengine. Wengi walikuwa wanachimba kutafuta watu wao. Mmoja alimwambia, "Mwambie mama Keza aache ubishi, atoe tu. Sasa ni hivyo." Ingobyi ilipita mbele yetu ikienda na kurudi. Kila ilipopita, mke wangu aliinua kichwa.

Kesho yake mguu ulikuwa umevimba na ngozi imebadilika rangi. Mwili ulikuwa wa moto. Nilimfuata Ndayisaba mbali kidogo, mke wangu asisikie.

"Chukua nusu," nikasema.

Bertrand akawa wa kwanza kusema. "Nusu ilikuwa jana, mzee. Leo ni yote."

Nilimtazama Ndayisaba. Alikuwa anafunga kamba ya ingobyi, akaifunga tena ingawa ilikuwa imeshakaza.

"Yote," nikasema. "Lakini msimwambie."

Tulipomwinua, aliuliza, "Umewapa nini?"

"Hakuna. Ndayisaba amekumbuka."

Uso wake ukafunguka. Sikuwa nimeona uso huo tangu ukuta uanguke. "Nilikuambia," akasema. "Unaona? Ulikuwa unataka kuharibu mtaa."

Njiani alikuwa anawashukuru. Matope yalifika magotini kweli. Kila walipoteleza alilia kwa maumivu, halafu anasema, "Mungu awalipe, wanangu." Bertrand alitazama matope tu. Ndayisaba alibadilisha bega mara nyingi.

Hospitali watu walijaa mpaka sakafuni. Tulipata nafasi karibu na mlango, kando ya mwanamke aliyevunjika mkono. Mke wangu alimsimulia mtaa wetu. "Sisi kwetu hawadai kitu. Walikuja wenyewe." Yule mwanamke akasema kwao walimdai mbuzi. Mke wangu akamwonea huruma. Daktari alifika, akafunua nguo, akasema tumechelewa. Jioni Nyiramana akafa.

Nilitoka nje. Wabebaji wanne walikuwa bado wamekaa kando ya ukuta, wanaosha miguu. Nikawaambia. Wakasimama, wakavua kofia. Halafu Bertrand akasema kwa sauti ndogo kwamba kubeba maiti kupanda mlima ni kazi nyingine. Sikuwa na kitu. Ndayisaba alisema, "Ihangane, mzee, vumilia," akainua upande wake wa ingobyi. Wakaenda nayo tupu.

Watu wa hospitali ndio waliomzika, pamoja na wengine wa mvua ile. Shimo lilikuwa refu. Sijui yeye yuko upande gani.

Keza alifika toka Bujumbura njia zilipofunguliwa. Nilikuwa nalala kwa Annah. Aliniuliza mama yake alisema nini mwishoni. Nikamwambia alichosema: kwamba watu wa mtaa walimbeba bila kudai, kwamba Ndayisaba alimkumbuka. Annah alinitazama, akaondoka kwenda kuteka maji.

Keza alilia. Kisha akaenda dukani kwa Kellen, akanunua kilo ya sukari. Bei ilikuwa bado ileile ya wakati wa udongo, haikushuka tena.

"Twende tumshukuru," akasema.

Nilimwambia miguu inauma. Akaenda peke yake. Nilimwona toka mlangoni akipanda mpaka kwa Ndayisaba, akapiga magoti kidogo, akatoa sukari kwa mikono miwili.

Ndayisaba aliipokea.