Mgongo wa Baba Achieng

Nilipokuwa mtoto, miguu yangu ilikuwa na kazi kabla mikono yangu haijajua kuandika vizuri. Susu, nyanya yangu aliyenilea pale mtaani Kianda, alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba siku ya kuzaliwa nilitanguliza miguu, na kwao Kitui mtoto wa namna hiyo akikukanyaga kiuno, maumivu huondoka. Kadi ya kliniki ilisema nilitanguliza kichwa kama watu wengine. Susu alisema nesi siku hiyo alikuwa amechoka.

Basi watu wakawa wanalala kifudifudi kwenye mkeka wetu, mama fua na wabeba mawe, nami nawapitia kiunoni mara tatu, nalipwa mandazi. Wengi walipona. Leo najua kwamba mgongo wa kawaida hupona wenyewe baada ya wiki chache, mradi mtu asijilaze kutwa, atembeetembee, ajikande kwa maji ya moto na kuacha mizigo kwa muda. Lakini sifa nilichukua mimi, kama mheshimiwa anayekata utepe kwenye barabara aliyoikuta.

Baba Achieng, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akivuta mkokoteni wa saruji wa hadwea moja, duka la vifaa vya ujenzi kwenye kituo cha Kawangware 56. Mtu mkubwa, mcheshi, kila akinikuta haniiti Mwende, ni "Niaje, daktari?" Siku moja aliinama kuinua mfuko, kiuno kikashika. Alirudi akiburuta miguu yote miwili. Akamweleza Susu, macho yake yakiwa ukutani kwa aibu, kwamba makalio na mapaja kwa ndani hayasikii kitu, kama mtu aliyekalia barafu. Susu akasema ni baridi ya asubuhi imeingia kwenye mfupa. Nikaitwa.

Nilimpitia mara tatu. Niliposhuka, nilikanyaga mkeka uliolowa. Alikuwa amejikojolea, na naapa alishangaa kuliko sisi. Nilikuwa na miaka minane. Nilicheka, nikakimbia nje nikawaambia waliokuwa bombani, na kufikia jioni plot nzima, mlango kwa mlango, ilikuwa imejua. Mama mmoja akamwita kupitia mabati: "Baba Achieng, hizi sukuma wiki zangu pia zinataka maji."

Asubuhi mkewe alitaka kumpeleka zahanati. Akakataa. Hawezi kupitishwa mbele ya watu wale akinuka. Atapona kwanza, ndipo atoke. Akakaa ndani siku nne. Siku ya tano miguu haikumbeba tena, ndipo wakampakia kwenye mkokoteni ule ule aliokuwa akiuvuta, hadi zahanati.

Daktari wa zamu aliuliza mkojo ulianza kumtoka lini. Alipoambiwa, akasema hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali kubwa siku ile ile, mtu apasuliwe, wala si la kungojea nyumbani. Kwani hawakusoma tangazo? Tangazo lilikuwepo kweli. Nililiona mwenyewe miaka mingi baadaye. Lilitaja yote: ganzi ya makalio, mkojo usiozuilika, miguu kulegea. Lilikuwa la Kiingereza, limebandikwa nyuma ya mlango wa zahanati, ambao hufunguliwa asubuhi ukaegemezwa ukutani hadi jioni.

Alipasuliwa, kwa kuchelewa. Ofisi fulani ikaahidi kwa barua kiti cha magurudumu, ila mlemavu sharti afike mwenyewe kutia sahihi, ghorofa ya pili, na lifti haikuwepo. Baba Achieng alicheka aliposomewa barua hiyo. Sikumsikia akicheka tena.

Susu naye alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa mbele ya watu: nilicheka dawa ikiwa bado mwilini, ndiyo maana ikageuka. Nikawa napita mlango wa Baba Achieng mbio. Mchana mmoja, mkewe akiwa kazini, akaniita. Nilimkuta kifudifudi kitandani, uso kwenye mto. Sijui alichukua muda gani kujigeuza.

"Susu yako anasema ulicheka."

Nikatazama kandambili zangu.

"Leo usicheke. Panda. Anza na miguu."

Nilivua kandambili nikapanda. Mashavu ya miguu yake yalikuwa yamekonda, laini kama unga uliokandwa. Nikaenda, nikarudi, nikaenda tena, nikijishikilia ukutani. Alikuwa ametulia kabisa.

"Mwende," akasema, "utaanza lini?"

"Bado navua viatu."

Tangu hapo madaktari wawili wameniambia kwamba, ingawa mgongo si kitu cha kukanyagwakanyagwa, huenda uzito wa mtoto haukumvunja mtu yule. Kilichombana mishipa ya mgongo kilikuwa kimeshambana pale hadwea. Nawaamini. Kilichobaki changu ni kicheko, na siku zile nne kilizomnunulia. Na mchana ule. Kwa maana baada ya jibu lile la viatu nilishuka polepole, nikasimama kando ya kitanda bila kumgusa, muda wa kutosha mtu kukanyagwa mara tatu, kisha nikamwambia nimemaliza. Akanishukuru.