Karatasi ya Mzee Mpima Mafuta

Jumanne asubuhi nilikuwa napiga mswaki simu ilipoita, na binti wa yule mzee akaniambia kwa sauti kavu kwamba baba amefariki usiku, msiba uko hapohapo nyumbani Mbagala, na maziko ni kesho. Nikasema pole, nikasema Mungu ampumzishe. Halafu, wasomaji wangu, naona aibu kuandika hili: kabla sijaanza kuhuzunika, moyo ulinipiga kwa jambo jingine kabisa. Mzee huyo alikuwa na majibu yangu, nami kwa wiki tatu nilikuwa nikimkimbia.

Tulifahamiana dukani, kwenye foleni ya mafuta ya kula ya kupima. Alipofika mbele akamwomba muuzaji ainamishe pipa kidogo aone chini. "Mzee, unanunua mafuta au unanunua pipa?" muuzaji akauliza, watu wakacheka. "Ya juu nayaona, mwanangu," akajibu bila kukasirika. "Nataka nione yaliyokaa chini." Nilimfuata nje nikamwamkia. Akaniambia amefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda cha mafuta na sabuni, na alipostaafu hakuweza kuacha. Chumba cha uani alikigeuza maabara ndogo: meza moja, chupa chache, na bomba jembamba la kioo lenye alama, lililosimamishwa wima kwenye chuma.

Siku moja alinionyesha. Alichota mafuta mapya kidogo, akayachanganya na spiriti, akatia dawa isiyo na rangi, kisha akafungua bomba la kioo, maji ya magadi makali yakaanza kudondoka tone moja moja. Baada ya matone machache tu mchanganyiko uligeuka rangi ya waridi. Hakushangilia. Alitikisa chupa akihesabu polepole hadi thelathini, ili ahakikishe rangi haipotei. "Mafuta yakichoka yanazaa asidi," alisema. "Kadiri asidi ilivyo nyingi, ndivyo matone yanavyokwenda mengi kabla ya rangi kukaa." Nikamwambia mbona hata pua inatambua mafuta yaliyochacha. Akanitazama kwa huruma. "Pua inazoea, bwana mwandishi. Na ya anayekaanga kila siku ndiyo inayozoea kuliko zote."

Maneno hayo yalininyima raha, kwa sababu mdogo wangu wa kike anakaanga samaki. Ana jiko lake sokoni, Mbagala hiyohiyo, na ndilo linalowalisha wanawe watatu. Na ana desturi aliyofundishwa na waliomtangulia, kwamba mafuta mapya matupu hayampi samaki rangi. "Anatoka mweupe kama mgonjwa, kaka," huniambia. Kwa hiyo kila jioni huhifadhi mafuta ya leo, na kesho huyamimina kwenye mapya. Maana yake ni kwamba sufuria ile haijawahi kuanza upya tangu aifungue biashara. Nilichota chupa moja bila kumwambia, nikampelekea mzee, nikamweleza desturi ile na duka anakonunua mapya. Alipotaka kuipima papo hapo mbele yangu, nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Alinipigia simu baada ya siku mbili. "Majibu yapo. Njoo, haya si ya kwenye simu." Nikaahidi kesho. Akapiga tena wiki iliyofuata, nikaahidi Jumamosi. Mara ya mwisho alisema, "Mie bado sijamaliza kupima, bwana. Kipimo kinaisha mwenye mafuta akiambiwa." Nikacheka, nikasema nakuja. Nilichokiogopa ni uso wa mdogo wangu.

Siku ya maziko nilifika mapema. Binti wa mzee akanipa bahasha yenye jina langu, nikaenda kuifungua nyuma ya tangi la maji. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka: "Asidi imepita kiwango mara nyingi. Anayonunua ni mazima, nimeyapima pia. Tatizo ni ya jana anayochanganya. Aanze sufuria upya. Mwambie taratibu, hana kosa, hajui."

Nikaikunja mfukoni, nikazunguka kwenda uani walikokuwa wanawake wa mtaa wakipika. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria kubwa akikaanga maandazi ya wafiwa, na pembeni yake lilikuwapo dumu lake mwenyewe la mafuta, lile la kuhifadhia ya jana, mchango wake kwa msiba. "Kaka! Njoo upate chai, maandazi ya moto haya," aliita, uso umejaa jasho na wema. Wanawake wote walikuwa pale. Ningesema nini? Nilipokea. Nilikula moja, nikaongezwa la pili, huku nikiwatazama watoto chini ya turubai wakilamba vidole.

Mafuta ya namna hiyo hayamwangushi mtu siku hiyohiyo, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Tungekuwa tunaanguka, tungeshaacha. Tunaishi mtaani na vitu vingi vya jinsi hii, ambavyo kila mmoja anavishuku na hakuna anayetaka karatasi yake. Wahenga walisema mficha ugonjwa, kilio humuumbua. Mimi kilio kiliniumbua nikiwa na andazi mkononi.

Kesho yake nilikwenda kwa mdogo wangu, nikampa karatasi. Aliisoma mara mbili. Sikuona aibu niliyokuwa nikiiogopa usoni mwake. Alibeba sufuria, akaenda kuimwaga shimoni nyuma ya nyumba, akarudi akiwa anaifuta kwa majivu.

"Karatasi hii uliipata lini?" akauliza.

"Jana."

"Kabla ya chai au baada?"

"Kabla ya chai," akajijibu, akiendelea kufuta. "Mimi nilikuwa sijui, kaka. Wewe ulijua, ukaniacha niwape watu. Na wanangu walikula pale."

Nilikuwa nimejidanganya kwamba ninamsitiri. Niliyekuwa namsitiri ni mimi. Mzee alifanya sehemu yake yote, hadi kwenye neno "taratibu", akaniachia hatua moja tu isiyohitaji kioo wala dawa. Kama kuna mtu wako ambaye majibu yake unayo mfukoni, usisubiri msiba. Mwambie leo, kabla hajawasha jiko.