Mtoto Asiyelazwa Chali

Kabla ya mambo haya nilikuwa mtu wa kelele. Waliofanya kazi na mimi wanajua. Jina langu ni Ramazani, ni shofere. Wazazi wangu walitoka Maniema kwa ajili ya biashara, mimi nikazaliwa hapahapa Goma. Kwa miaka mingi nilipakia mizigo Bunagana, mpakani, nikaishusha mjini: sabuni, mafuta ya kupikia, magodoro. Nilikuwa naimba peke yangu ndani ya kamio, lori langu, mpaka koo linakauka. Nyumbani kwangu Ndosho walikuwepo bibi yangu Feza, yaani mke wangu, na mama yangu mzazi. Tulikula vizuri, tulitaniana. Tulikosa mtoto tu, na tulimngoja miaka minne.

Leo nesi ameniomba niseme na ninyi mlioleta watoto kupimwa kilo. Nimekubali. Nikinyamaza katikati, mnivumilie.

Mtoto wa kwanza alikuwa mvulana. Alizaliwa kwenye kituo kidogo cha afya nikiwa safarini. Niliporudi nikamkuta mnene wa mikono, nywele nyingi, lakini kidevu kama hakipo. Mdomo wa chini umerudi ndani, na chini yake shingo inaanza. Jirani mmoja alimtazama akacheka.

“Kidevu itamea,” alisema. “Batoto bote banazaliwa bila sura.”

Na sisi tukacheka. Mtoto alikoroma hata akiwa macho. Akinyonya alichoka upesi, na maziwa yalimtokea puani. Feza alikuwa anamweka kifuani, tumbo kwa tumbo, na hapo alitulia. Hakuna aliyemfundisha. Aliona tu kwamba akimweka hivyo anapumua.

Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, Feza aliniambia, “Mushike kidogo, niende nioge.”

Nilimshika. Simu ikalia. Alikuwa mwenye mizigo, anauliza kamio itatoka lini. Ndani ya nyumba mtandao ulikuwa mbaya, kwa hiyo nilimlaza mtoto kitandani. Nilimlaza chali, kama watoto wote wanavyolazwa. Niliweka kitambaa chini ya kichwa chake, nikafunika miguu, nikatoka nje. Niliongea. Nakumbuka hata nilicheka na yule mwenye mizigo. Feza akatoka kuoga, bado hana nguvu, akajinyoosha pembeni ya mtoto akidhani amelala. Halafu nikasikia Feza akitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu.

Mtoto alikuwa amegeuka rangi. Midomo ilikuwa ya buluu nzito, kucha vilevile. Nilimtikisa, nikampulizia mdomoni, nikamwita mwanangu, mwanangu, maana jina bado hakuwa nalo. Hakurudi.

Majirani waliingia. Walimkuta Feza kitandani amemkumbatia. Mama yangu alisimama mlangoni akasema kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia, “Feza, umemulalia mutoto?”

Feza aligeuka. Alinitazama mimi. Alikuwa ameniachia mtoto mikononi, na alijua ni nani aliyemweka pale kitandani. Alikuwa anangoja niseme maneno machache tu: ni mimi nilimulaza. Nilitazama sakafu. Tulimzika kabla ya magharibi, upande wa Lac Vert, lile ziwa dogo, ambako tuna jamaa, na niliporudi nyumbani maneno yalikuwa yameshaenea. Bibi ya Ramazani alilala, akamziba mtoto pumzi.

Sikujua kilichomuua. Haki ya Mungu, sikujua. Lakini nilijua kwamba Feza hakumlalia, kwa kuwa alijilaza dakika chache tu, na mwili ulikuwa umeshaanza kupoa. Nilijua nikanyamaza. Niliogopa mama yangu, niliogopa majirani, na nafikiri niliogopa zaidi kulisikia jambo lile kwa sauti yangu mwenyewe.

Baada ya hapo Feza akiingia kwa wenzake, wanawake walikuwa wanawachukua watoto wao wachanga na kuwapakata. Waliwapakata tu. Akaacha kuwatembelea.

Miaka miwili ikapita. Vita vikafunga barabara, kamio ikasimama uani, nikawa mtu wa kukaa. Feza akashika mimba tena. Hatukufurahi. Tulikuwa kama watu wanaongoja habari mbaya. Alijifungulia katika hospitali kubwa ya mjini, mchana, na mimi nilikuwa nje ya mlango. Mtoto alikuwa msichana. Nesi mmoja, tulimwita Mama Justine, alinifungulia haraka.

“Papa, ingia. Ingia uone.”

Mtoto alikuwa mezani, chali. Nilikiona kidevu. Kilikuwa kilekile. Kila akivuta pumzi mbavu zilizama ndani na shingo ikabonyea, na midomo ilikuwa inageuka ile rangi. Mama Justine akamgeuza, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kwenye kiganja, uso chini. Akasubiri. Rangi ikarudi. Mtoto akalia.

“Umeona?” alisema. “Huyu mutoto haiko wa kulala chali, hata dakika moja. Ukimulaza chali ulimi inaanguka nyuma, inafunga njia ya pumzi. Anakufa, na hautasikia kitu.”

Nilikaa chini kwenye sakafu ya maternite, wodi ya kujifungulia. Feza alikuwa kitandani, mita mbili kutoka pale. Alisikia kila neno. Aligeuza uso ukutani.

Jioni ile daktari alikuja. Ni kijana mpole, familia yake ni wakulima wa Masisi. Nilimuuliza, “Dokta, tulifanya nini? Kuna dawa alikunywa? Kuna kitu alikula?”

“Hakuna, papa. Hakuna kitu mulifanya.” Akaomba mkono wa Feza, akaweka vidole vyake viwili juu ya kiganja chake. “Taya ya chini inatoka pande mbili za uso, kuume na kushoto. Inakuja polepole mpaka inakutana hapa katikati, kwenye kidevu. Hiyo inafanyika mapema sana. Kuna mama wengine wakati ule hawajajua hata kama wako na mimba.”

“Na hii yake haikukutana?” Feza aliuliza.

“Ilikutana. Lakini ilibaki fupi. Wakati ule ulimi uko juu, umejaza mdomo wote. Taya ikirefuka, ulimi inapata nafasi, inashuka. Ikishashuka, nyama za pande mbili kule juu zinainuka, zinashikana, zinafanya dari ya mdomo. Kwa huyu mutoto taya haikurefuka kwa wakati. Ulimi ikabaki juu. Dari haikufunga.”

Akawasha taa ndogo akatuonyesha. Kwenye dari ya mdomo palikuwa na tundu jekundu, pana, la mviringo, na juu yake unaona ndani ya pua. Nikakumbuka maziwa ya yule wa kwanza. Hatukumfungua mdomo hata siku moja.

Daktari aliuliza kama kuna mtu mwingine katika familia aliyezaliwa hivyo, kwa sababu mara nyingine jambo hili linafuata damu, na mara nyingine linakuja peke yake. Nilisema hakuna. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye benchi na termos ya uji. Akaanza kulia.

“Ni yeye,” alisema. “Ramazani alizaliwa vile. Kidevu yake ilikuwa kama ya ndege. Nilikuwa namubeba kwa kifua muchana na usiku, sababu nikimuweka chini analia kama mutu wanamukaba. Miezi na miezi.”

“Mama, na haukusema?” nilimuuliza.

“Niliogopa mutasema ni damu yangu ilileta.”

Feza alimtazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, halafu akafumba macho. Hakuna aliyemwomba msamaha saa ile. Hata mimi.

Tulimpa mtoto jina Mariamu. Nesi alipitisha mrija mwembamba puani mpaka tumboni, kwa sababu kunyonya hakuweza. Feza alikamua maziwa kwenye kikombe, nusu tunapitisha kwenye mrija, nusu tunajaribu kwa kijiko, tone kwa tone, amekaa wima. Tone moja likienda vibaya anakohoa, anageuka rangi, tunamgeuza uso chini, tunampiga mgongoni, tunangoja. Kumlisha kulichukua saa nzima, na baada ya saa mbili tunaanza tena. Hospitali ilituruhusu kurudi nyumbani na mrija wake, lakini kila siku ya tatu tulitakiwa kurudi. Tuligawa zamu: Feza, mama yangu, mimi. Mwenye zamu alimbeba Mariamu kifudifudi juu ya mkono na hakufanya kitu kingine. Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi mpaka leo vidole viwili havinyooki vizuri.

Hakunenepa. Mwezi wa tatu alikuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa. Ngozi ya mapaja ilikunjamana kama ya mzee. Mwezi wa nne maziwa yaliingia kwenye mapafu, akapata homa, kifua kikawa kinalia kama chungu kinachochemka. Tulirudi hospitalini. Daktari alimpa oksijeni na sindano, akasema, “Papa, sitakudanganya. Sijue kama atatoka muzima.”

Hapa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia imamu. Siku ile asubuhi niliomba Mungu amchukue. Nilimwambia, kama unamchukua, mchukue leo, nimechoka. Nikatoka hospitalini bila kuaga. Nilitembea barabara ya Sake, nikapita Ndosho bila kugeuka nyumbani, nikaendelea mpaka Lac Vert. Nilisimama juu, maji yako chini, kijani, yametulia. Sikuwa na hasira wala machozi. Nilikuwa mtupu. Nilifikiri: mimi nimeua mmoja na sasa ninaangalia wa pili akifa, na mwanamke ninayekaa naye ameniona nilivyo. Nirudi kufanya nini?

Nisingependa kuwadanganya kwamba nilisikia sauti, au imani ilinijia. Nilitazama saa kwenye simu. Ilikuwa saa nane kasorobo. Zamu yangu ilianza saa nane, na Feza alikuwa hajalala siku mbili. Nikasimamisha moto, pikipiki ya abiria, nikarudi.

Nilichelewa. Feza alikuwa amekaa, mtoto juu ya mkono wake, macho mekundu. Hakuuliza nilikuwa wapi. Nilimchukua Mariamu, nikamlaza juu ya mkono wangu, na nikasema hapohapo, mbele ya mama yangu, mbele ya wagonjwa wengine, “Ni mimi nilimulaza yule wa kwanza. Nilimulaza chali nikaenda kuongea na simu. Feza hakumulalia.”

Mama yangu alifunika uso na kitenge. Feza alisema polepole, “Najua. Nilikuwa nangoja useme.” Akamweka mtoto kichwa vizuri kwenye kiganja changu. “Ungesema siku ile, tungelia pamoja. Miye nililia peke yangu.”

Akajilaza akageukia upande mwingine, akalala mpaka magharibi.

Mariamu alitoka. Homa ilishuka, maziwa yakakaa, kilo zikaanza kupanda. Taya ikaanza kukua. Tuliiona ikija mbele wiki kwa wiki, kama daktari alivyotumaini. Mwezi wa nane alijigeuza mwenyewe akalala chali. Tulikimbia sote watatu, tukakuta anapumua, anatazama bati. Alipopita mwaka mmoja na nusu walimfunga dari ya mdomo kwa operesheni. Sasa anaongea, maneno mengine yanapitia puani, mimi namuelewa. Anakula foufou, ugali wetu wa muhogo. Alhamdulillahi. Ninawashukuru manesi, ninamshukuru yule daktari, ninamshukuru mama yangu ambaye mgongo wake haujanyooka tangu zile zamu.

Ninyi wazazi, mtoto akizaliwa mtazameni kidevu. Mfungueni mdomo, mmulike dari. Akikoroma, mbavu zikizama, maziwa yakitoka puani, msingoje kidevu kimee. Mgeuzeni kifudifudi juu ya mkono na mmlete hospitalini vilevile, mikononi. Na mkisikia kwamba mama fulani amemlalia mtoto wake, nyamazeni kwanza.

Feza hakuja leo. Hataki kuonwa. Tunaishi nyumba moja, tunamlea Mariamu, tunaongea mambo ya nyumba. Nilimuuliza asubuhi niwaambie nini. Alisema, “Bale bamama ba Ndosho batakuwa pale. Ubaambie bao.”

Nawaona hapa baadhi yenu, akina mama wa Ndosho. Mtoto wangu aliishi siku tatu. Nilimlaza chali mimi baba yake, na akafa. Mama yake alikuwa anaoga.