Rubisi Iliyofumuka Kwenye Treni

Mwaka mzima nimekana, tena mbele ya ukoo wote kule Mabawe, wilayani Ngara, nikiwa nimevaa kitenge changu cha kanisani, kwamba ile rubisi niliyoipeleka Japani ilipata mkasa wowote. "Ilipokelewa," nilisema, "na mkwe akainywa." Leo nakiri: ilimwagika, na aliyemwagikiwa ni mkwe mwenyewe.

Mwanangu Deo anafanya kazi huko, akapata mchumba, Emi, na kwa kuwa baba yake Deo ni marehemu, neno la mwisho lilikuwa la shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Ujapani wa binti haukumsumbua. "Mama Deo," aliniambia, "baba wa binti anywe pombe yetu ya ndizi. Asipoinywa hatujaoa, tumechukua tu mtoto wa watu." Akanikabidhi dumu dogo lililozibwa kwa jani la mgomba, ili rubisi ipumue. Mimi (shahada mbili, na kemia nimesoma hadi kidato cha sita) nikaona aibu kusafiri na jani, nikaihamishia kwenye chupa ya maji na kukaza kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Siku mbili chupa ilikaa nje kwenye kibaraza cha Deo, kwenye baridi kali, ikatulia kama imelala. Siku ya tatu Emi na baba yake wakatutembeza, na mpango ulikuwa rubisi niitoe wakati wa chakula cha mchana. Mzee akaniinamia stesheni, nami nikapiga goti kwenye theluji nikasema shikamoo, akainama zaidi, nikashuka zaidi, mpaka Deo akaninong'oneza, "Mama, inuka, hapa hakuna marahaba." Tukapanda ngazi za hekalu, theluji hadi kwenye fundo la mguu, na tulipotoka mzee akanunua kiazi kitamu cha kuchoma, akakimega na kunipa kipande kikubwa kwa mikono miwili, nikasema moyoni, huyu ni mtu wetu.

Kwenye treni ya kwenda kula nikagundua kwamba chini ya viti kunatoka joto. Nikanyoosha miguu, kisha nikaona haifai kumpa mkwe pombe baridi, nikaisogeza na chupa hapo penye joto. Behewa lote lilikuwa kimya kama watu wametoka kukomunika kanisani, kwa hiyo mlio wa "sss" ulisikika vizuri.

"Mama, nini hicho?"

"Tumbo langu," nikasema.

Nilipoinama, chupa ilikuwa imevimba imekuwa duara. Nikalegeza kifuniko kidogo tu, kidogo kabisa, kikapaa hadi darini, na rubisi ikamfuata mzee aliyeketi mbele yangu: miwani, koti, masharubu. Harufu ya harusi ya Ngara ikajaa behewa. Na hakuna aliyecheka! Hilo ndilo lililoniuma; kwetu Rulenge wangenicheka mwezi mzima, ila wangenipangusa kwanza. Bibi mmoja wa kiti cha pili akanipa karatasi laini huku ameinamisha kichwa, kama anatoa rambirambi. Nikapiga magoti nikifuta viatu vya mzee kwa mtandio wangu, nikiomba radhi kwa Kiswahili, Kihangaza na Kiingereza, lugha tatu asizozijua.

Mzee akavua miwani, akapitisha ulimi kwenye masharubu, akasema neno. Emi akaziba mdomo.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama ni ndizi," Deo akajibu.

"Mwambie ni juisi."

"Mama!"

Mzee akalamba tena, akatazama dirishani. Mchana tukala tambi kwenye mchuzi wa moto, yeye akizivuta kwa sauti kama desturi yao inavyotaka, mimi nikizimeza kimyakimya kama masista walivyonifundisha, na chupani hakukubaki hata tone la kuokoa heshima. Nikarudi nyumbani na uongo wangu, maana ningefanyaje, watoto wanapendana.

Nimeapa kutoziba tena pombe ya watu kwa elimu yangu. Lakini kiapo hakikunisaidia, kwa sababu wiki iliyopita Deo aliropoka, na Jumapili baada ya misa shemeji akapiga simu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Mama Deo, rubisi ilimwagika?"

"Ilimwagika."

"Yote?"

"Yote, shemeji. Nisamehe."

Nikasikia mbuzi wake wakilia.

"Ilimfika mdomoni?"

"Kwenye masharubu. Akalamba."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya kwanza ni ajali," akasema. "Ya pili alitaka mwenyewe. Waambie watoto waje tuwafungishe ndoa."