Ndoo ya Mlangoni pa Banda la Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Ibaba, nilichapwa kofi mkononi na afisa mifugo wa kata. Nilikuwa nimetoka chuo, nimemshika ndama mmoja, kisha nikapokea kiazi cha kuchemsha kutoka kwa mwenye nyumba. Kiazi kilianguka chini kabla hakijafika mdomoni.

“Umenawa?” afisa aliniuliza.

“Ndama mwenyewe mzima, mzee.”

“Nani kakwambia ataumwa ndama? Utaumwa wewe!”

Ninyi mnaoanza kazi sasa, shikeni hilo. Ng'ombe anaweza kuwa amenona, anacheua vizuri, maziwa tele, na utumboni mwake wamo bakteria ambao yeye hawamsumbui hata kidogo. Wanatoka na kinyesi, wanabaki kwenye manyoya, kwenye kiwele na kwenye mbao za banda. Mtu mzima wakimpata, mara nyingi anaharisha siku chache akapona. Mtoto anaweza kuharisha damu, na figo zikagoma. Kinga yake ni sabuni, maji yanayotiririka, na maziwa yaliyochemshwa.

Baadaye nilihamishiwa Ivuna. Huko nilikuta watu wenye homa zisizoisha, wamemeza dawa za malaria mpaka wamechoka, kumbe homa yenyewe inatoka zizini, ng'ombe wanatupa mimba na maziwa yao yananywewa mabichi. Sikuwakasirikia. Hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza. Hasira zangu nimewawekea waliojua.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Tunduma. Kila msimu wa maonyesho ya kilimo niliweka ndoo yenye koki, na sabuni, kwenye mlango wa kutokea banda la ng'ombe wa maziwa. Nilisimama hapo mwenyewe. Hakupita mtoto bila kunawa, na walimu walininung'unikia kwamba nachelewesha misafara yao.

Mwaka mmoja mwenyekiti wa kamati ya maonyesho akaja mbio, suti imemkaa vizuri.

“Bwana Mifugo, hiyo ndoo ipeleke jukwaani. Mgeni rasmi atanawa kabla ya chakula.”

“Na watoto, mheshimiwa?”

“Watoto wa wafugaji hawa? Wamezaliwa zizini! Acha mambo ya vitabuni.”

Niliibeba. Hakunishikia fimbo. Niliibeba kwa mikono yangu miwili, nikaiweka karibu na kiti chenye kitambaa, nikabaki huko huko jukwaani kupiga makofi.

Mama Neema, mfugaji wa Mpemba, alikuwa ameleta mtamba wake kwenye mashindano. Binti yake Neema, wa miaka sita, alishinda bandani akipapasa ng'ombe na kula mahindi ya kuchoma. Siku ya nne akaanza kuharisha damu. Hospitali wakasema ni bakteria wa kinyesi cha ng'ombe, na figo zimeguswa. Kamati nayo ikaandika kwamba mtoto alikula mahindi machafu, ikamfukuza uwanjani mama aliyekuwa akiyachoma.

Nilikwenda wodini. Mama Neema hakupiga kelele.

“Bwana Mifugo,” alisema, “mwaka jana ulitunawisha. Mwaka huu tulikukosea nini?”

Neema hakufa, namshukuru Mungu, lakini hadi sasa anahudhuria kliniki ya figo, na chumvi anapimiwa.

Nilipostaafu walinipa cheti kilichoandikwa “mtumishi mtiifu”. Nimekifungia sandukuni, maana nikikiona natamani kukichana. Utii huo ndio uliomlaza mtoto wa watu.

Siku hizi maonyesho yakifika naenda na ndoo yangu mwenyewe na kigoda. Sijaalikwa na mtu. Neema, ambaye sasa ni msichana mkubwa, huja kunijazia maji. Mama yake hajaniambia kama amenisamehe, nami sijathubutu kumuuliza.

Msimu uliopita mjumbe mmoja wa kamati akaja, kadi shingoni.

“Mzee, shikamoo. Tunaomba ndoo mara moja, mgeni rasmi anataka kunawa.”

Neema aliacha kumimina maji, akanitazama.

“Marahaba,” nilijibu. “Mwambie aje anawe hapa. Foleni inaanzia nyuma ya watoto wale.”